Plastiki ya radiateri si plastiki ya bidoni

Goma / Bukavu – Asubuhi, mbele ya garaje nyingi za miji hii miwili, kazi ni ileile. Fundi ameinama juu ya radiateri yenye ufa, ana chuma cha moto mkononi, na kando yake kuna kipande cha bidoni ya manjano. Anayeyusha bidoni, anapaka juu ya ufa, anapuliza, anamwaga maji, anaangalia. Haivuji. Shofere analipa na gari inarudi kutafuta wasafiri.

Watu wamezoea kazi hiyo hata hakuna anayeuliza tena. Lakini ni kazi ya hatari, na mara nyingi hatari haimpati fundi aliyeifanya. Inampata mama aliyeketi kiti cha mbele akiwa na mtoto mapajani. Inaipata jamaa iliyopakia magodoro na masufuria, inayohama vita au inayorudi kijijini, na ambayo haikuwa na nafasi ya kuchagua gari. Gari ikichemka katikati ya mlima, mbali na kila kituo cha afya, hao ndio wanaobaki njiani, na wakati mwingine hao ndio wanaoungua.

Plastiki ya radiateri na plastiki ya bidoni ni vitu viwili tofauti, na haviungani hata kidogo. Tofauti hiyo haihitaji shule ya juu. Mara nyingi imeandikwa juu ya piesi yenyewe. Inafaa mafundi, mashofere na wasafiri wajue kuisoma.

Herufi zilizo juu ya kichwa cheusi

Radiateri za zamani zilikuwa za shaba, madini kama yale yanayochimbwa Katanga. Ikitoboka, fundi alichomelea kwa bati na ikadumu miaka. Tangu miaka ya 1970 na 1980 viwanda vingi vya magari vilianza kuacha shaba, kwa sababu ni nzito na ni ghali. Leo sehemu ya kati, ile inayopoza maji, ni ya aluminiamu. Vichwa vyake viwili, vile vyeusi ambamo maji yanaingia na kutoka, ni vya plastiki.

Fundi akifuta vumbi na mafuta juu ya kichwa hicho, mara nyingi ataona herufi ndogo: PA66-GF30. PA ni poliamidi, yaani nailoni. Namba 66 inaonyesha ni nailoni ya aina gani. Aina hiyo ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na mkemia Mmarekani Wallace Carothers, katika kampuni ya DuPont, na watu wengi waliifahamu kwanza katika soksi za wanawake. GF ni nyuzi za kioo. Namba 30 maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za plastiki hiyo, kilo 30 ni kioo.

Si kioo cha dirisha kilichopondwa. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizokatwa fupi fupi na kuchanganywa ndani ya nailoni. Kiwandani mchanganyiko huo hupashwa moto wa digrii 280 hadi 300, husukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu ya chuma, ukapoa humo na kutoka ukiwa na umbo la piesi.

Kila aliyejenga nyumba ya miti na udongo anaweza kuelewa kwa nini wanafanya hivyo. Udongo peke yake unapasuka. Miti peke yake haizuii upepo. Vikiwa pamoja, ukuta unasimama. Nailoni ni udongo, na nyuzi za kioo ni miti. Nailoni tupu, ikibebeshwa mzigo, inaanza kupinda kabla ya kufika digrii 100. Ikitiwa kioo asilimia 30, inavumilia zaidi ya digrii 200, na nguvu yake ya kutokatika inaongezeka mara mbili na zaidi. Ndiyo maana plastiki imeweza kuketi kando ya injini.

Plastiki za namna hiyo ziko mahali pengi: feni ya radiateri, nyumba ya termostati, bomba la kuingizia hewa katika injini, soketi za nyaya za umeme, maganda ya mashini za kutobolea, disjontere za nyumbani, hata baadhi ya pampu za maji. Jamaa inayochota maji kwenye bomba la kambi inaweza kuwa inaitegemea kila siku bila kujua.

Kwa nini kiraka cha bidoni hakishiki

Bidoni ya manjano ni plastiki ya aina nyingine. Chini yake kuna pembetatu yenye namba 2, na mara nyingi herufi HDPE au PEHD. Ni plastiki nzuri kwa kazi yake: kubeba mafuta na maji. Lakini inayeyuka karibu digrii 130, wakati nailoni 66 inayeyuka karibu digrii 260. Fundi anapopaka bidoni iliyoyeyuka juu ya radiateri, nailoni iliyo chini haijaanza hata kulegea. Na kama angepasha zote mbili mpaka ziyeyuke, bado zisingeshikana, kwa sababu kwa asili yake moja inaikataa nyingine. Bidoni inalala juu ya nailoni kama nta juu ya kioo.

Kuna jambo la pili. Ufa unapopita, unakata zile nyuzi za kioo. Gundi, hata ile kali inayochanganywa na majivu au soda, hairudishi nyuzi mahali pake. Mtu ambaye ukuta wake umevunjika miti, akapaka udongo juu, ameficha ufa tu. Upepo ukija, ataona.

Na upepo wa radiateri ni mlima. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji yanachemka karibu digrii 95, si 100 kama kule Mombasa au Dar es Salaam, kwenye bandari ambako magari mengi ya huku yanashushwa. Injini nyingi zinafanya kazi kati ya digrii 85 na 105. Radiateri inaweza kuhimili joto hilo kwa sababu kifuniko chake kinafungia presha ndani, na kwa presha hiyo maji yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka.

Basi gari iliyojaa watu na mizigo ipande Ngomo ikitoka Kamanyola, au Kabasha ikitoka tambarare ya Rwindi. Joto linapanda, presha inapanda. Kwa digrii 100 bidoni haijayeyuka, lakini imelegea. Inabanduka. Presha inatoroka kwa ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke mara moja. Katika minibasi nyingi injini iko chini ya viti vya mbele. Kiraka kilichokaa vizuri garajeni, injini ikiwa baridi, hakijathibitisha kitu. Majaribio yake ya kweli yanafanywa mlimani, na wasafiri ndio wanaofanyiwa majaribio hayo.

“Hatuna feza ya radiateri mpya”

Mashofere wana jibu lao, na si jibu la uongo. Wengi hawana gari yao wenyewe. Kila jioni wanapaswa kumpelekea mwenye gari feza waliyopatana, iwe siku ilikuwa nzuri au mbaya. Vita imefunga njia, vizuizi ni vingi, mafuta yanapanda bei. Ukimwambia shofere wa namna hiyo anunue radiateri mpya, ni kama kumwambia alale nyumbani. Mafundi nao wanasema: tukikataa kuziba, atakwenda garaje ya jirani.

Lakini jibu hilo linasahau hesabu moja. Kiraka cha bidoni kinalipwa leo, kinalipwa tena wiki ijayo, na siku gari ikichemka bila shofere kuona mapema, kinaharibu kichwa cha injini. Hapo mwenye gari anapoteza zaidi ya bei ya radiateri. Umaskini ni sababu ya kutafuta matengenezo ya bei ndogo. Haumpi mtu ruhusa ya kumwambia msafiri kwamba gari ni nzima wakati si nzima.

Tena, kati ya bidoni na radiateri mpya kuna njia za katikati, na mafundi hodari wa huku wanaziweza.

Ya kwanza ni kubadilisha kichwa peke yake. Kichwa cha plastiki kimeshikwa na meno madogo ya aluminiamu, na katikati kuna mpira. Fundi akifungua meno polepole, anaweza kuweka kichwa kizima kutoka radiateri nyingine ya aina hiyohiyo, akatia mpira mpya na kufunga tena. Ya pili ni kutengeneza kichwa cha aluminiamu na kukichomelea kwenye radiateri ya aluminiamu, kama garaje ina mashini ya kuchomelea madini hayo. Au fundi anaweza kurudisha radiateri nzima ya shaba inayolingana, pale inapopatikana.

Ya tatu ni ya kuokoa safari tu. Kama ni lazima kuyeyusha plastiki, iwe ni nailoni kwa nailoni: kipande kilichokatwa kwenye kichwa cha radiateri iliyokufa, chenye herufi zilezile PA66-GF30, na ufa uliosafishwa na kukaushwa vizuri. Hata hapo nyuzi zilizokatika hazirudi. Ni kazi ya kufikisha gari garajeni ikiwa tupu na kwa mwendo mdogo. Haifai kupakia watu 18 na kupanda Ngomo.

Ikiwa herufi zimefutika, kuna jaribio ambalo hata mtoto anaweza kulifanya. Kata kipande kidogo, kitie ndani ya ndoo ya maji. Plastiki ya bidoni, ya beseni na ya ganda la betri huelea. Nailoni yenye kioo huzama. Si kila kinachozama kinafaa, kwa sababu kuna plastiki nyingine zinazozama pia. Lakini kinachoelea hakifai kamwe kuziba radiateri.

Piesi halisi nayo inazeeka

Haitakuwa haki kuwatupia mafundi lawama yote. Hata plastiki nzuri ina mwisho wake. Maji ya moto yanaila nailoni polepole, mwaka baada ya mwaka. Magari mengi yanayofika hapa ni ya okazioni. Yamekwisha kutumika miaka kumi au zaidi kule yalikotoka. Dalili zinaonekana: weusi unageuka kijivu au kahawia, uso unakuwa na unga, nyuzi nyeupe zinajitokeza, na ufa mwembamba unaanza karibu na shingo ambapo bomba linaingia. Shofere anayefungua boneti kila asubuhi ataona dalili hizo kabla ya mlima kumwonyesha.

Maji yanayotiwa humo nayo ni jambo. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi za madini. Yanaacha ukoko ndani ya mirija, ukoko unazuia kupoza, joto linapanda, na plastiki inateseka zaidi. Maji maalum ya radiateri yanauzwa, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya injini.

Kwa upande wa wauzaji wa piesi, wako wanaouza vichwa na radiateri visivyo na alama yoyote. Piesi isiyo na herufi si lazima iwe mbaya, na yenye herufi si lazima iwe ya kweli, maana kalibu inaweza kuchongwa herufi yoyote. Lakini mnunuzi ana haki ya kuuliza hii ni plastiki gani, imetoka wapi, na nani atajibu ikipasuka. Ofisi ya OCC ina kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia inchini. Piesi zinazobeba uhai wa watu kwenye milima zinastahili kuangaliwa kwa makini kama unga na mafuta ya kula.

Isifike jikoni

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na unazigusa jamaa za wakimbizi wa ndani moja kwa moja. Makala ni ghali na kuni ziko mbali. Watoto wanaokota plastiki karibu na magaraje ili kuwashia moto. Kipande cheusi cha radiateri, cha feni au cha soketi kinaonekana kizuri kwa kazi hiyo kwa sababu ni kigumu na kinawaka muda mrefu.

Hakifai. Nailoni ikiungua inatoa moshi wenye gesi mbili za sumu: monoksidi ya kaboni, ileile inayoua watu wanaolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, na gesi ya sianidi. Ndani ya hema ndogo au chumba kimoja kinachobeba jamaa mbili, moshi huo hauna mahali pa kwenda. Na kioo hakiungui. Kinabaki ndani ya majivu, nyuzi nyuzi zisizoonekana. Akina mama wengi wanasugua masufuria kwa majivu. Majivu ya plastiki hiyo yatawasha mikono na macho, na si kitu cha kusogeza karibu na chakula.

Kwa mafundi na vijana wanaojifunza kazi, vumbi linalotoka wakati wa kukata au kusugua plastiki hiyo linawasha ngozi, koo na macho. Si jambo la kutia watu hofu kubwa: mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, la OMS, halikuweka nyuzi za kioo za aina hii kati ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa. Lakini jicho lililoingiwa na kioo ni jicho linaloumwa. Kulowanisha kipande kabla ya kukata, kufunga kitambaa puani, kuvaa miwani, na kunawa kwa maji mengi baridi bila kujikuna: mambo hayo hayagharimu sana.

Vijana wanaoyeyusha takataka za plastiki na mchanga kutengeneza pave nao wajue. Piesi nyeusi zenye herufi GF hazitayeyuka pamoja na mifuko na bidoni. Zikitiwa ndani ya pipa, ama zitabaki vipande vigumu, ama moto utaongezwa mpaka mengine yaungue na kutoa sumu. Zitengwe kando. Agizo la serikali la mwisho wa mwaka 2017 lilikataza mifuko na vifungashio vya plastiki. Halikugusa piesi za magari. Kwa sasa, kinachoweza kuzuia piesi hizo zisifike jikoni ni garaje yenyewe kuziweka ndani ya pipa lenye kifuniko, badala ya kuzitupa kando ya njia.

Kinachoombwa

Hakuna katika haya jambo linaloshinda uwezo wa watu wa huku. Vituo vya kufundisha kazi, INPP ikiwa mojawapo, vinaweza kuweka somo la siku moja juu ya kusoma herufi za plastiki na kubadilisha kichwa cha radiateri. Vijana waliohama vita, ambao wengi wanashinda magarajeni wakitafuta kibarua, waitwe kwenye somo hilo. Anayejua kufungua meno ya radiateri bila kuyavunja ana kazi popote atakapofika.

Mashirika ya mashofere yanaweza kukubaliana juu ya kanuni moja tu ya kuanzia: gari yenye kiraka cha bidoni kwenye radiateri isipakie wasafiri kwenye njia za milima. Wenye magari wampe shofere ruhusa ya kukosa feza ya siku ile anapopeleka gari garajeni kwa kazi ya kweli. Bila ruhusa hiyo, kanuni itabaki kwenye karatasi.

Na msafiri, hata yule aliyekimbia na mzigo mmoja kichwani, ana haki ya kuomba boneti ifunguliwe kabla ya kulipa. Akiona kitu cha manjano kimepakwa juu ya kichwa cheusi, ashuke na awaonyeshe wenzake. Shofere atakasirika. Lakini watu kumi wakishuka pamoja, kesho mwenye gari atatafuta radiateri.